Kilima Kinaonekana, Mchanga Je?

Mume wangu ni mtu mwema, ila kwa ubishi hana mpinzani. Kila Jumamosi tunakwenda pamoja kuinua mitego ya samaki kwa boti yetu ndogo ya injini. Mtoto wetu mchanga hubaki na bibi yake.

Siku moja tulikwenda mbali kuliko kawaida.

"Turudi, baba," nilisema. "Mtoto atataka kunyonya."

"Wasiwasi wa nini? Kilima kile pale. Nchi kavu si tunaiona!"

Kweli, kilima kilionekana. Tukaendelea. Wakati wa kurudi, injini ikakohoa, ikazima. Mafuta yamekwisha! Tulipiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Tulifika jioni. Mtoto alikuwa amelia hadi sauti imemkauka. Nilimpakata, nikalia naye. Usiku huo mume wangu sikumsemesha.

Kesho yake jirani yetu, mtunza mnara wa taa, alikuja kutupa pole.

"Ukingo wa mchanga wa pwani mliuona?" aliuliza.

"Mchanga? Aa, kilima tu," mume wangu alijibu.

"Basi ndugu yangu, mlikuwa mbali mno."

Akachukua tikiti mezani, akalipapasa mgongo.

"Uso wa maji umejipinda hivi. Boti ikienda mbali, vitu vya chini vinajificha kwanza. Ukiwa umekaa botini, ukingo wa mchanga unapotea kwenye kilomita nne hivi. Lakini kilima chetu kina mita mia. Siku ya anga safi unaweza kukiona hata ukiwa kilomita thelathini."

"Thelathini!" Mume wangu alishika kichwa. "Kumbe nilikuwa najidanganya."

"Kwa boti kama yenu, mchanga ukipotea, geuzeni."

"Na hilo tikiti, shemeji," nilisema, "tulikate, au somo bado?"

Tukacheka, tukalikata.

Jumamosi iliyofuata tulipata samaki wengi. Ulibaki mtego mmoja, ule wa mbali. Mara mchanga ukapotea machoni. Mume wangu akageuza boti.

"Jamani, mmoja tu!" Safari hii tamaa ilinishika mimi. "Kilima si kile pale?"

"Kilima nakiona, mama," alisema. "Mtoto simwoni."

Nikaugeuzia mtego mgongo. Tulifika mchana, na mafuta yamebaki. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anaamka. Nikanawa mikono, nikamnyonyesha.