Kiti cha Mito

"Kula hata kijiko kimoja, Mama Mbinya."

Kalekye aligeuza uso akatazama ukuta. Muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, ikapoa mikononi mwa mumewe, mzee Nthiwa.

Msimseme vibaya huyu mzee, alimpenda mke wake. Mwaka jana Kalekye alianguka wakichimba matuta na wenzake wa mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kusaidiana mashambani, mkono ukavunjika. Nthiwa akaapa mkewe hatashika jembe tena. Akamnunulia kiti cha mito, akaandika msichana wa kazi. Wavinya, mwenyekiti wa kikundi, alipokuja kumwona mgonjwa, Nthiwa akamfukuza pale kwa geti. Mapenzi gani hayo jamani! Mkono ulipona, mwenye mkono akaanza kufa. Miguu ililegea, majina ya wajukuu yakampotea. Daktari wa mjini Mutomo alipima kila kitu, kisha akauliza mama huongea na nani mchana. Nthiwa akalikumbuka lile geti.

Sasa alitoka nje na sahani imejaa, akapiga simu.

"Wavinya, ni Baba Mbinya. Tafadhali usikate."

"Sema."

"Nilikukosea. Kalekye anaisha nikimwona. Nakuomba mje."

Simu ikakatika. Mzee alilia mchana kweupe, hapo kando ya zizi la mbuzi, mpaka meseji ikaingia: "Kesho asubuhi tunachimba shamba lake. Tunakuja kwa ajili yake, si yako."

Walikuja na majembe, wakaanza wimbo wa kazi. Lakini mwimbishaji wao tangu zamani alikuwa Kalekye. Bila yeye sauti zilienda huku, majembe kule. Nthiwa alimchungulia mkewe kwa kiti. Macho yalikuwa yamefungwa. Akajua amechelewa.

"Ni nani anaharibu wimbo wangu?"

Hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa muda mrefu.

"Ni Wavinya," Nthiwa alinong'ona.

"Nishike mkono."

Walitoka polepole, Kalekye akitetemeka mwili mzima. Akina mama wakasimamisha majembe. Kalekye akanyoosha mkono kuomba jembe.

"Mama Mbinya, utaanguka."

"Nilianguka siku uliyonikalisha kwa kile kiti. Hapa wa kuniinua wapo."

Nthiwa akamwachilia. Kalekye akaanzisha wimbo, sauti ikakwama katikati, wenzake wakaudaka.

Jua lilipokuwa kali aliketi chini na wenzake kwenye tuta, akasema ana njaa. Mzee mzima alikimbia jikoni akilia, akaleta sufuria nzima.