Barua Zinazomjua Hazel

Hazel Tranmer alikuwa anakaanga mayai pale barua ya nne ilipodondoka mlangoni. Bahasha ya zambarau, kama zile tatu za kwanza.

"Hazel, tunajua basi lenu limefutwa. Tunajua uko pamoja nasi."

Yaani wamejuaje? Tangu mumewe afariki anaishi peke yake. Habari za basi kamwambia nani?

Akachungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara, picha ya mgombea wa chama cha zambarau, wenye barua hizo, ilikuwa inamtazama. Mwezi wa pili ilikuwa dirisha moja tu, kwa kina Pocklington. Sasa ni nyumba kumi na tisa, tabasamu moja. Ukungu wa bahari ukipanda, nyumba zinapotea, zile sura zinabaki.

Akavuta mapazia.

Jirani yake Glenys, ambaye kila uchaguzi ni karani wa kituo cha kupigia kura, akaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, kama kawaida yake.

"Mapazia saa nne asubuhi, shoga? Umeficha mwanamume?"

"Alhamisi siendi kupiga kura," Hazel akasema. "Watajua nimemchagua nani."

"Watajuaje?"

"Mwaka jana mtu wao alikaa pale mlangoni na utepe kifuani. Akaniuliza namba yangu ya mpiga kura, nikampa. Sasa ona barua hizi."

Glenys akavuta kiti. "Yule si mtu wa serikali. Ni wa chama, na vyama vyote huweka watu pale. Anataka kujua nani kaja, ili wasiokuja wakagongewe mlango. Kura yako haioni. Na namba si lazima umpe."

"Jina langu je?"

"Limo kwenye daftari la wapiga kura. Vyama hupewa nakala."

"Na basi?"

"Hazel, basi limefutwa kwa mji mzima. Hata mimi nimeandikiwa hivyo hivyo, na nina gari."

Hazel akageuza mayai. "Lakini basi kweli limefutwa."

"Kweli kabisa. Basi mpe kura unayeona atalirudisha. Ila uchague mwenyewe, si barua."

Alhamisi ukungu ulifika hadi mlango wa ukumbi wa kanisa. Mwanamume mwenye utepe wa zambarau akatokea katika ukungu huo.

"Karibu, Hazel. Tulijua utakuja. Namba yako?"

Hazel akatikisa kichwa. "Hapana, asante."

Tabasamu la yule mtu halikusogea.

Ndani, Glenys alimtazama kama hamjui. "Kitambulisho chenye picha, tafadhali."

Hazel akatoa kadi yake ya basi ya wazee. Basi halipo, ila kadi inakubaliwa. Glenys akaangalia picha, akamwangalia yeye, akampa karatasi.

Ndani ya kibanda cha mbao cha kupigia kura kulikuwa na penseli iliyofungwa kamba, na yeye tu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, hakuna macho. Akaweka alama yake, akakunja, akatumbukiza.

Chama cha zambarau kilishinda kata kwa kura thelathini na moja. Jumamosi ikaja bahasha ya tano.

"Hazel, asante kwa kura yako."

Akaisoma mara mbili. Kura hiyo hakuwapa.

"Kumbe hawajui kitu," akasema, akacheka peke yake jikoni.

Akafungua mapazia. Ile sura bado ilikuwa inatabasamu. Hazel akaipungia mkono, akarudi kwenye mayai yake.