Sauti Iliyoazimwa

Kinasa sauti namba tatu kilirudi kutoka porini kikinuka udi.

Zablon, mtunza stoo wa kituo cha kuchunguza misitu nje kidogo ya Tabora, alikinusa mara mbili, kisha akaachia kicheko chake kile cha kukimbiza popo darini.

"Koleta! Ndege wa siku hizi wanajifukiza kabla ya kuimba?"

Koleta, fundi wa vifaa, alitabasamu tu. Sauti ilikuwa imemkauka tangu Jumatatu. Yeye ndiye mwimbishaji wa kwaya ya Moraviani, na Jumapili iliyokuwa inakuja kwaya ingezindua albamu.

Vifaa vya kituo huazimwa na watafiti wa nje. Anayefunga kinasa mtini husema kwanza ndani yake jina lake, mahali na tarehe, rekodi zisije zikachanganyika. Wiki iliyopita Koleta alikifunga hicho kando ya njia ya zamani ya misafara, pale wapagazi walipolala na wengine wasiamke. Alipokuwa akisema jina lake, Zablon alidakia nyuma yake: "Na wenyeji wa hapa, mkihitaji chochote, azimeni! Kituo chetu hakina choyo!" Walicheka mpaka wakakaa chini.

Sasa wakafungua rekodi. Kwanza njiwa. Kisha upepo. Kisha miguu, miguu mingi isiyo na viatu, ikienda taratibu kama ya watu waliolemewa mizigo, na njuga, na nyuma ya njuga sauti ya Koleta, safi kabisa, ikitaja jina lake, mahali na tarehe, halafu tena jina, mahali na tarehe, kwa saa ya kinasa ni saa kumi na moja jioni ya Jumatatu, saa ileile ambayo Koleta mwenyewe alikuwa kanisani Kanyenye akifungua mdomo mbele ya kwaya nzima na hakuna kinachotoka.

"Kaka Zablon," alinong'ona. "Ile ni yangu."

"Nilikuwa natania, mdogo wangu. Ningejuaje kama kuna wanaosikia?"

Bi Mwamvita, mganga wa mtaa wa Ng'ambo, alifika kwa bodaboda kesho yake. Kuku hakutaka. Alitaka fomu ya stoo.

"Mmewakaribisha kwa utaratibu wenu, watarudisha kwa utaratibu wenu," alisema, akitia ubani kwenye chetezo. "Andika: sauti ya Koleta, irudishwe leo. Aliyeazima atakuja dirishani. Pokea, unyamaze. Hata salamu usiitikie."

"Mimi, Bibi, ninyamaze?"

"Jaribu, mwanangu."

Saa saba mchana ndege wote wakanyamaza kwa pamoja, udi ukajaa stoo mpaka macho yakawasha, na pale dirishani, ambapo hapakuwa na mtu wala kivuli cha mtu, sauti ya Koleta ikapiga hodi kwa adabu, huku Koleta mwenyewe ameketi kando ya Zablon, mdomo ameufumba, kucha zake zimezama mkononi mwa Zablon.

"Hodi. Nimerudisha."

Vumbi la kizingiti cha dirisha likabonyea, kana kwamba kimetuliwa kitu kizito. Koleta akakohoa.

"Yesu wangu!" alilia, kwa sauti yake nzima.

Na Zablon, kwa furaha, akasema alichomwambia kila mtu aliyewahi kurudisha kitu pale dirishani kwa miaka kumi na tisa:

"Ahsante sana! Karibu tena!"

Bi Mwamvita akaangusha chetezo.

Jumapili Koleta aliimba, watu wakalia. Jumatatu ukaingia ujumbe wa Agnetha, mtafiti wa popo aliyeko Mwanza, ambaye walikuwa wamemtumia rekodi mpya za namba tatu, kilichofungwa tena mtini palepale. Koleta akausoma kwa sauti: "Kaka Zablon, rekodi ni safi. Ila huyo mzee wenu anayecheka porini mwambieni apumzike. Kacheka saa sita mfululizo, na kila saa anakisogelea kinasa."

Koleta akaangua kicheko. Kisha akageuka.

Zablon naye alikuwa akicheka, ameachama, mabega yakimtikisika, machozi yakimchuruzika. Hakukutoka hata pumzi.