Mguu Ni Mrefu

Muuguzi alikuwa ameinama juu ya machela alipotambua kwamba kofia ya sufu haikutaka kutoka kichwani mwa majeruhi. Aliivuta taratibu. Ilibanduka pamoja na damu iliyoganda, na chini yake, kisogoni, palikuwa na jeraha lililonyooka kama mstari uliopigwa kwa rula.

"Mama," alisema bila kugeuka. "Huyu hakuanguka. Huyu kaangushwa."

Mratibu wa uokoaji alisogea kutoka kwenye meza ya redio. Kazi yake ilikuwa kupokea wito wa meli zenye majeruhi, kisha kutafuta boti, muuguzi, ndege na kitanda, na kuvikutanisha vyote kabla mtu hajakata roho. Bandarini aliitwa Mama Rudia, kwa kuwa hakupokea neno redioni bila kumwamuru msemaji alirudie. Wenye midomo walidai kwamba marehemu mumewe alilazimika kuposa mara mbili. Hakuwahi kukanusha.

"Rudia," alisema.

"Kapigwa na chuma, kwa nyuma. Mtu aliyetumbukia ngamani, kule chini kabisa ya meli, akatua kwa miguu hapasuki kisogo namna hii. Na kuna jingine. Mabaharia wanasema wamemchoma sindano mbili za maumivu kutoka sanduku la dawa la meli. Amelia njia nzima kama mtu asiyechomwa kitu."

Majeruhi, fundi wa pampu wa meli iliyotia nanga nje ya bandari, alikuwa amefumba macho. Mguu wake ulikuwa bado umeviringishwa blanketi la meli na kufungwa ubao mrefu kutoka nyonga hadi kisigino. Ubao huo ndio alioupeleka Mama Rudia mwenyewe. Asubuhi redio ilikuwa imesema, "Baharia wetu ameumia mguu," naye alipouliza mguu wapi, mawimbi yalikatika. Mguu ni mrefu. Huanzia kiunoni na kuishia kwenye ukucha. Kwa hiyo alipeleka ubao wa kuutosha wote.

Ndege ndogo ilikuwa tayari kiwanjani, na rubani amekwisha kusema kwamba mawingu hayamngoji mtu. Hospitali ya upasuaji ilikuwa mbali, nayo haikumpokea majeruhi bila msindikizaji wa kumtilia sahihi na kubaki kando ya kitanda chake. Kiti kilikuwa kimoja. Waliojitolea walikuwa watatu, wamekaa kwenye benchi nje ya mlango: msaidizi wa nahodha, shemeji wa majeruhi, na wakala wa meli.

"Kama aliyempiga yumo miongoni mwao," alisema muuguzi, "basi tunamfungashia riziki. Mimi nitarudi na ndege. Yeye atabaki naye peke yake."

Mama Rudia alipiga simu polisi. Aliambiwa gari liko njiani. Njiani, kwa uzoefu wake, palikuwa mahali papana sana. Alimwita askari wa lango asimame mlangoni, kisha akamwita wa kwanza.

Msaidizi wa nahodha hakuketi.

"Andika ajali, mama. Meli inang'oa nanga jioni."

"Ulimwona akianguka?"

"Nilikuwa juu, kwenye usukani. Serahangi, mnyapara wa mabaharia, alipaza sauti, 'Mguu!' Nikakwambia mguu. Ulitaka niseme sikio?"

"Na wakala ulimwambia nini?"

"Nilimpigia simu, nikamwambia lilelile. Mguu. Hata sasa sijui ni upi. Nimemwona kaviringishwa kama mkeka."

"Kulikuwa na mgeni yeyote melini?"

"Hakuna. Boti ya maji tu ilikuwa imefunga ubavuni, inatujazia matangi."

"Na watu wake?"

"Watu wa maji hawahesabiwi."

"Nao wana mikono," alisema Mama Rudia, akamwonyesha mlango.

Shemeji aliingia na grisi mpaka viwikoni. Huyu ndiye ambaye muuguzi alikuwa amemtilia shaka tangu ndani ya boti, kwa sababu mabaharia walinong'ona kwamba jana yake wawili hao walishikana mashati.

"Tulishikana," alikubali. "Kamwoa dada yangu. Shemeji hagombani na shemeji?"

"Kofia alivikwa na nani?"

"Na mimi. Alikuwa anatetemeka. Damu sikuiona, mama. Ngamani hakuna taa ya maana, na sisi wote tulikuwa weusi kwa mafuta."

"Nani alimfikia kwanza?"

"Mimi. Kifundo cha kushoto kilikuwa kimegeuka, vidole vinatazama nyuma. Nikakifunika kwa blanketi kabla wengine hawajashuka, maana wangetapika wakaniachia mimi kazi ya kubeba."

"Ulimwambia nani habari za kifundo?"

"Huyu muuguzi hapa, tena ndani ya boti. Hapo nje sijasema na mtu. Niseme nao nini?"

Muuguzi alitikisa kichwa kukubali. Mama Rudia aliinamisha sikio, kama anayesikiliza redio iliyozimwa.

"Jana mligombania nini?"

Shemeji alitazama machela. "Nilimwambia anyamaze. Safari iliyopita mpishi wetu aliungua mafuta. Tukamchoma dawa za sandukuni, akalia hadi sauti ikamwisha. Shemeji akasema zile chupa zina maji. Akaapa kwamba tukifika hapa atamwambia nahodha mbele ya mtu wa sanduku. Mimi nikamwambia ana watoto, aachane nayo. Sasa mniambie nimwambie nini dada yangu."

Wakala aliingia wa mwisho, shati limepigwa pasi, na mfuko wa nguo safi alizomletea majeruhi. Alikuwa amefika na mfuko huo hata kabla boti ya uokoaji haijarudi, na wakati huo Mama Rudia aliuhesabu kuwa wema.

"Dada yangu, tusipoteze muda. Kiti kinanihusu mimi. Hospitali zinanijua."

"Wewe ndiye unayejaza sanduku la dawa la meli hii?"

"La hii na nyingine nyingi. Ni sehemu ya kazi."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Ofisini kwangu. Asubuhi yote."

"Rudia."

Alitabasamu. Kila mtu bandarini alijua mchezo huo. "Ofisini kwangu. Asubuhi yote."

"Na kabla boti haijarudi, ulipoingia hapa na mfuko, uliniambia nini?"

"Nilikufariji, dada. Ulikuwa na wasiwasi."

"Rudia maneno yenyewe."

"Nilisema usihangaike, kifundo hakijamuua—"

Tabasamu lilibaki usoni mwake muda kidogo baada ya furaha yenyewe kuondoka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, hawakukitaja kifundo.

"Saa ile," alisema Mama Rudia, "dunia nzima ya nchi kavu ilijua neno moja: mguu. Mimi sikujua ni kifundo. Muuguzi alikuwa bado baharini. Wewe ulijuaje?"

"Msaidizi wa nahodha aliniambia kwenye simu."

"Nilisema mguu!" sauti ilinguruma kutoka kwenye benchi. Mlango haukuwa umefungwa, na hilo halikuwa bahati mbaya.

"Basi nilibahatisha. Mabaharia huvunjika vifundo kila siku."

Mama Rudia alichukua kipaza sauti cha redio, akaiita boti ya maji. Nahodha wake alijibu huku anatafuna.

"Asubuhi ulipeleka nani kwenye meli, mbali na watu wako?"

"Wakala, mama. Alisema anataka kuona sanduku. Alituhimiza tumrudishe kabla hata matangi hayajajaa, hakuaga mtu."

"Rudia."

"Wakala, mama. Wakala."

Wakala aliketi, ingawa hakukaribishwa.

"Sanduku hukaa miaka halijafunguliwa," alisema kwa sauti ndogo. "Dawa zile huchacha humo bure, na nchi kavu kuna watu wanazitafuta. Nikaziuza, nikaweka chupa za maji. Nilijua mpaka zihitajike, meli itakuwa bandari nyingine, na wakala mwingine. Leo aliniita kule chini, kando ya mdomo wa ngama, akanionyesha chupa. Nikamwambia tuzungumze kiutu uzima. Akanipa kisogo, anakwenda kwa nahodha. Spana ilikuwa karibu. Akatumbukia mwenyewe."

"Ukachungulia ukaona kifundo."

"Nilichungulia kuona kama anapumua."

"Na kiti cha ndege ulikitakia nini?"

Askari wa lango alimshika mkono.

Muuguzi alikuwa amekwisha kumchoma majeruhi dawa ya kituo, na kilio kilikuwa kimetulia. Walimtoa hadi kwenye gari la kiwanjani, shemeji ameshika chupa ya dripu kwa mikono miwili kana kwamba itaruka. Mlangoni mwa gari fundi wa pampu alifumbua macho kwa mara ya kwanza. Midomo ilihangaika.

"Maji," alisema.

Muuguzi alinyoosha mkono kuchukua kikombe. Mama Rudia alimzuia.

"Hana kiu," alisema. Akamwinamia majeruhi, karibu na sikio. "Nimekusikia."

Kisha akaufunga mlango wa gari, bila kumwambia arudie.