Waliosema Yupo

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana sitakatiza maneno yangu katikati kungoja meno yako yafungwe. Nawajua nyinyi. Mchana mnasema majini ni ushamba wa bibi zenu, usiku mnalala taa inawaka. Waliopatwa na haya wamesoma kukuzidi, shahada ya kwanza wameitundika ukutani wanatafuta ya pili, na walipatwa mchana kweupe, darasani, wamevaa soksi.

Scholastika wa Kinole, mjane, mwenye migomba yake na mdalasini wake, alikuwa na mtoto mmoja tu, Eustace, aliyekuwa akisoma falsafa chuoni Morogoro mjini. Aliwahi kumuuliza, hiyo falsafa inatibu nini? Mtoto akacheka, akasema haitibu, inauliza. Masika yale bodaboda iliyokuwa ikimteremsha mlimani ikateleza, wakaingia korongoni. Scholastika alimwona, akamshika uso, akamzika. Hilo ulishike vizuri: alimzika.

Sasa wenzake. Walikuwa na semina ya metafizikia, elimu ya kuuliza kuwepo ni nini: jiwe lipo vipi, roho ipo vipi, kilichopita kipo au hakipo. Watu wazima wanazunguka meza alasiri nzima wanaulizana hayo. Kiti cha Eustace hawakukiondoa. Na siku moja mchumba wake, Editha, binti mwenye akili kama wembe, akatoa hoja.

"Eustace yupo," akasema. "Tunamtaja, tunabishana naye. Nani anabishana na asiyekuwepo?"

"Yupo kama kumbukumbu," akasema Agustino, mwenzao.

"Sikusema kumbukumbu. Nimesema yupo." Na machozi yanamtoka.

Nani angembishia mtoto wa watu, matanga hayajaanuliwa? Mwalimu wao akatazama meza. Mmoja akasema yupo, wa pili akasema yupo, hata Agustino kwa huruma akasema haya, yupo. Meza nzima ikazunguka. Wajinga! Kuna vitu vinapita nje ya madirisha yetu havina jina wala kwao. Vikikaribishwa hivyo na watu wenye akili zao timamu, vitakataa?

Semina iliyofuata Editha alikisogeza kile kiti apitishe mkoba, akakuta kina joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Ikaja harufu, udongo mbichi uliochimbwa, na juu yake marashi matamu ya kutia kichefuchefu. Kisha mtu akawa anasafisha koo pale pasipo na mtu, vile Eustace alivyozoea kabla ya kupinga hoja, na wote wakawa wanasikia na kila mmoja anajifanya anasoma, mpaka alasiri moja ukungu umeshuka kutoka Uluguru umeziba madirisha, sauti ikatoka kitini, ya Eustace, ikasema, "Endelea, Editha, bado hujanithibitisha," na wengine wakakimbia wakiangusha viti, lakini yeye akabaki, akajibu, na tangu hapo akawa anashinda mle ndani akimthibitisha, na kila huyo alivyozidi kuwepo ndivyo Editha alivyozidi kutokuwepo, mwalimu akasahau jina lake, wapishi wa kantini wakampita na sahani mkononi, hata siku Agustino alipoingia akaona chumba kitupu, akavuta kiti akae, akakalia mapaja ya mtu, kumbe ni Editha.

Ndipo Agustino akapanda Kinole. Alimkuta Scholastika anabandua magome ya mdalasini.

"Mama, Editha anaisha," akanong'ona alipokwisha kumsalimu, akamweleza yote. "Tumemleta mganga, mzee Shukuru wa Dumila. Amefukiza, amesoma. Kile kitu kikamuuliza, 'Unamfukuza nani?' Akakusanya vitu vyake."

"Mganga gani huyo? Angebaki Dumila auze vitunguu."

"Anasema kimekaribishwa kwa kauli, kitatoka kwa kauli. Lakini yetu haina nguvu, sisi bado tunamtaka. Aseme mwenye mtoto."

"Aseme nini?"

Agustino akainamisha kichwa. "Kwamba hayupo. Na aseme kwa moyo."

Kisu kikasimama. "Na kama ni yeye?"

"Ndilo tunaloliogopa, mama."

Wakashuka naye. Mlangoni pa darasa Agustino akashindwa kuvuka kizingiti. Scholastika akaingia peke yake. Editha alikuwepo, ukimtafuta. Jicho lilikuwa linateleza juu yake kama maji juu ya jani la mgimbi.

"Mama, shikamoo."

Ilitoka kitini, sauti ileile ya mwanawe, na Scholastika, ambaye tangu mazishi alikuwa akitega sikio aisikie japo kwa ndoto, akahisi ulimi unainuka wenyewe kuitikia marahaba, kama titi linavyotoa maziwa mtoto akilia hata akiwa si wako, akauma ulimi mpaka akaonja damu, maana ukishamwitikia mtu salamu, utamwambiaje tena kwamba hayupo?

"Mama, pale korongoni nilikuita. Hukunisikia?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla, na hakuwahi kumwambia mtu, hata padri. Jini lingejuaje? Labda majini yanajua. Labda halikuwa jini. Akatazama vidole vya Editha juu ya meza, mbao zinaonekana ndani yake. Na huyu naye ana mama, yuko Ngerengere, anangoja simu.

"Mwanangu nimemzika," akasema. "Hapa hakuna mtu."

"Mama..."

"Hakuna mtu. Eustace hayupo. Hayupo kitini, hayupo Kinole, hayupo." Na alisema kwa moyo. Kwa mdomo hata kasuku angeweza. Yeye ilibidi kwanza aamini, na kuamini huko ndiko kulikomzika mtoto mara ya pili, safari hii kwa mikono yake mwenyewe.

Editha akakohoa, akainua kichwa. Alikuwa amekonda vibaya, lakini alionekana.

"Mama? Umefika saa ngapi?"

"Toka nje ukale."

"Lakini Eustace..."

"Toka, mwanangu."

Agustino akampokea kizingitini, akamshika mkono kwa nguvu kama anayeogopa utayeyuka.

Scholastika akabaki kidogo. Kutoka kona ya chumba kikaanza kilio, cha chini, kisicho na fujo, kama cha mtoto anayejua ameshanyimwa ila hajaacha kuomba.

"Mama, sasa nitakaa wapi?"

Scholastika akajifunga kanga vizuri kiunoni, akatoka, akaufunga mlango.