Majina Kumi na Manne

Kitabu hakikuwapo.

Mezani, ndani ya hema la ukaguzi pale mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, palibaki muhuri, kidau cha wino na kikombe cha chai kilichoingia nzi. Ofisa kutoka Nairobi aliizunguka meza mara tatu, akainama chini yake, mtu mzima na suti yake, akainuka na vumbi magotini.

"Inspekta! Kitabu cha serikali kinaibwa mchana kweupe?"

Inspekta Hirbo Dabaso aliikagua meza kwa macho. Ilikuwa Ijumaa, Novemba 1989, na Wasomali wote wa mji walikuwa wameamriwa kupita mbele ya meza ile wathibitishe kwamba ni Wakenya. Aliyekubaliwa alipewa kadi ya pinki. Aliyekataliwa aliandikwa katika kitabu kile cheusi, na kesho, Jumamosi, lori lingempeleka mpakani na watu wake wote. Siku hizo, ukiwa Msomali Isiolo, hata kukohoa ulikohoa kwa adabu.

Walioandikwa ni wenye nyumba kumi na wanne. Karani alikuwa hajatoa nakala.

"Nani alibaki hemani ulipokwenda kula, afande?"

"Huyo mwanamke wa chai. Kitabu kisipopatikana kabla ya jioni, atapanda lori yeye na watoto wake. Na wewe, Inspekta, utanieleza kwa nini nisikutilie shaka."

Habsa, muuza chai, alikuwa ameketi chini, pingu mikononi.

"Mimi hata kusoma sijui," alisema huku akilia. "Kitabu nifanyie nini? Kadi yangu hii hapa! Watoto wako shule saa hii. Wakirudi watampata nani?"

Inspekta alimwendea konstebo Lokorio langoni.

"Nani ametoka hapa?"

"Habsa alienda kuchota maji. Nilimkagua mpaka ndani ya mtungi. Halafu Mzee Jama."

Mzee Jama Shuriye ndiye aliyeketi kando ya ofisa juma zima, kazi yake kusema huyu namjua, huyu simjui. Baba wa babu yake aliletwa na Waingereza kama askari, na ukoo ukakaa Isiolo tangu hapo.

"Alibeba nini?"

"Msala tu, afande. Ameukunja, ameuweka kwapani. Alikuwa anaenda msikiti."

"Ulimkagua?"

"Aii, afande! Mtu anaenda kuomba Mungu, nitamkagua aje?"

Inspekta aligeuka kutazama upande wa msikiti. Yeye alikuwa Mborana na Muislamu, tena ndio kwanza ametoka msikitini. Siku ya Ijumaa msikiti ule hutandikwa mikeka ukuta hadi ukuta. Hakuna aendaye na msala wake. Lokorio na ofisa walikuwa watu wa kanisa, wangejuaje?

Isitoshe, leo hakumwona Mzee Jama katika safu yoyote.

Alimkuta nyumbani, amechuchumaa mbele ya jiko uani. Ndani ya jivu palikuwa na kipande cha jalada jeusi.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Waaleikum salaam. Umekuja haraka, mwanangu."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini? Wewe kadi unayo. Wanao wanazo."

Mzee alichokoa jivu kwa kijiti.

"Jumatano aliletwa Robow, yule dereva wa lori la mbuzi. Unamjua?"

"Namjua."

"Mama yetu ni mmoja. Tumbo moja, Hirbo! Yeye alizaliwa ng'ambo ya mpaka, mama alipokwenda kuwaona ndugu zake, lakini hapa ndipo alipofundishwa kutembea, na mimi ndiye niliyemshika mkono. Ofisa alikuwa ameshaniambia, ukimtetea mgeni, kadi yako naichana, na nyumba yako inapanda lori. Akaniuliza, unamjua huyu?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema simjui."

Inspekta aliangalia kando.

"Robow hakunitukana. Alinitazama tu, akasema, 'Labda Mzee amechoka.' Wallahi, tangu siku hiyo chakula hakipiti kooni. Niliogopa, mwanangu. Mpaka sasa naogopa."

"Habsa amefungwa pingu kwa ajili yako."

Mzee aliinuka hapo hapo, akanyoosha mikono.

"Basi nitie mimi. Lakini Robow usimtaje. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Hemani, Mzee Jama alikiri kwa maneno matatu: alikichukua, akakichoma, akanyamaza. Habsa alifunguliwa, akaondoka mbio bila kuaga. Ofisa hakupandisha sauti. Alivuta karatasi nyeupe, akafungua kalamu, na utulivu ule ulimtisha Inspekta kuliko kelele zote za mchana.

"Kitabu kimeungua, Mzee, lakini kichwa chako kipo. Uliwakataa mwenyewe, mmoja mmoja. Mimi nimeona watu mia tatu, siwakumbuki. Wewe unawakumbuka. Taja. Ukikataa, naanza na wanao."

Mzee Jama alifumba macho.

"Shuriye," alisema.

"Jina moja linatosha. Inspekta anawajua watu wake. Endelea."

"Hirsi. Guled. Warsame."

Inspekta aliyatambua majina hayo. Kwao Borana, kama kwa Wasomali, mtoto hufundishwa kuhesabu babu zake kabla hajajua kuchunga. Shuriye ni baba yake Mzee. Hirsi ni babu. Guled ndiye aliyekuja na Waingereza. Waliobaki walizikwa ng'ambo ya bahari na ng'ambo ya jangwa, kabla serikali yoyote haijafikiria kutoa kadi.

Kwenye jina la tisa Mzee alisita.

"Umesahau?"

"Hawa hawasahauliki, afande," alijibu, akaendelea mpaka wakatimia kumi na wanne.

Ofisa aliyahesabu majina kwa ncha ya kalamu. Kisha akaisukuma karatasi mbele ya Inspekta.

"Unawafahamu hawa?"

Lokorio alikuwa amesimama mlangoni na bunduki. Mzee Jama alitazama chini. Inspekta aliwaza mke wake, wanawe watatu, na vile mtu alivyoweza kutoweka siku hizo, asipatikane hata wa kumuulizia.

"Nawafahamu, afande."

"Kesho saa moja asubuhi nawataka wote ndani ya lori. Weka sahihi kwamba umewathibitisha."

Alichukua kalamu, akaandika jina lake chini ya yale mengine. Karatasini sasa palikuwa na majina kumi na matano, maiti kumi na wanne na mtu mmoja aliye hai, na huyo mmoja alikuwa yeye.