Kiti cha Nne Studioni

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo, na mtu asiyepuliza ala asingeigundua. Katika utepe waliotoka kurekodi, wapulizaji watatu walisikika wakivuta pumzi pamoja kabla ya kuingia, kama ilivyo desturi ya kazi yao. Kisha, nyuma ya pumzi zao, ikasikika nyingine, ndefu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila hewa.

"Rudisha nyuma," Stan Wojtas alimwambia fundi mitambo.

Norm akaurudisha utepe. Pumzi ilikuwepo. Baada yake ikaja ala ya nne, nzito na tamu, ikijipenyeza katikati ya tromboni ya Stan, saksafoni ya Lucius na tarumbeta ya Teddy, mdogo wake Stan.

"Tulikuwa wangapi mle ndani?" Lucius akauliza.

"Watatu, labda wewe umehesabiwa mara mbili," Teddy akasema. "Kwa tumbo hilo, sishangai."

"Cheka tu, bwana mdogo. Bibi yangu angekuwa hapa, saa hizi angeshavuka mtaa wa pili, tena bila viatu."

Huo ulikuwa mwaka 1969. Chicago ilikuwa imefunikwa na theluji, na bendi zilizochanganya magitaa ya roki na wapulizaji wa jazi zilikuwa ndiyo habari ya mjini. Yao ilikuwa ikirekodi santuri yake ya kwanza, na Stan ndiye aliyepanga sauti za wapulizaji. Asubuhi ya kwanza Norm alitaka kuondoa kiti cha nne kilichobaki bure mbele ya vipaza sauti, Stan akamzuia. Kwao, kwa Wapolandi, mkesha wa Krismasi mezani huachwa kiti na sahani kwa mgeni asiyetarajiwa. "Kiache," alisema kwa utani. "Ni cha mgeni. Akija, apulize nasi." Wakacheka, kazi ikaendelea. Mdomo huponza kichwa, ila nani hulikumbuka hilo akiwa anacheka?

Wangeweza kuufuta utepe ule siku ileile. Hawakuufuta, kwa sababu ulikuwa mtamu, basi. Wapulizaji wa bendi kama zile hurekodi mara mbili, mara ya pili juu ya sauti zao wenyewe, ili watatu wasikike sita. Walipofanya hivyo, mgeni naye akajirudufu. Stan akaanza kuandika nyimbo akiacha pengo katikati ya sauti, na kila mara pengo lilijazwa. Alijua vya bure ni ghali. Alijifanya hajui.

Aliyelipa alikuwa Teddy. Kijana ambaye angeshikilia noti moja ya tarumbeta mpaka msikilizaji amwonee huruma, sasa alikatika katikati ya mstari na kuinama, mikono magotini. "Ni mafua," alisema. Chumbani mlizuka harufu ya maji yaliyooza ndani ya bomba la shaba. Na siku ya wimbo wa mwisho, Stan akiwa amevaa visikizio, alisikia ile pumzi si kwenye utepe tena bali begani pake, ya baridi, nayo ikavutwa, ikavutwa bila kufika mwisho, na kadiri ilivyovutwa ndivyo mashavu ya Teddy yalivyobonyea na midomo yake kugeuka rangi ya jivu, huku tarumbeta yake ikiendelea kulia vizuri kuliko ilivyowahi kulia, ilhali kifua chake, Stan alikiona kwa macho yake, hakikuwa kikipanda wala kushuka. Kisha Teddy akaanguka.

Stan alikwenda kwa bibi yao, waliyemwita Busia kama wote wa mtaa wao wanavyowaita bibi zao. Bibi alimsikiliza huku akimenya viazi.

"Ulimwalika kwa maneno gani?"

Stan akamwambia.

"Mkate je? Mliuvunja?"

"Busia, ilikuwa studio. Nilikuwa natania."

"Mjinga we." Kisu kikasimama. "Kiti cha mgeni hubarikiwa kwanza. Tunavunja mkate wa mkesha, tunamtaja Mungu, ndipo anayekuja awe mtu. Wewe umefungua mlango ukasema yeyote apite. Sasa anapuliza kwa pumzi ya nani? Ya kwake hana."

Stan akalia pale jikoni, jitu zima.

Kesho yake mchana Busia akaingia studioni na koti lake kubwa. Akaweka kipande cha ule mkate mwembamba wa mkesha juu ya kiti cha nne, akanyunyiza maji ya baraka na kusema kwa Kipolandi, kwa upole, kama anavyoagwa mgeni: "Umekula, umeshiba. Sasa nenda." Kiti kikalia, kama mtu mzito anayeinuka. Lucius akashika mkono wa Norm bila kujua. Harufu ikakatika, na Teddy, aliyelazwa kwenye kochi tangu jana, akavuta pumzi hadi ndani kabisa.

Basi Stan akaona yamekwisha. Kampuni ya santuri ilikuwa imeshachukua tepe, naye hakusema neno. Angesema nini?

Santuri ikatoka majira ya kuchipua na kuenea kama moto wa nyika. Siku redio ilipoicheza mara ya kwanza, Teddy alikuwa mezani kwa Busia. Kijiko kikamponyoka. Wimbo ulipokwisha akapata hewa. Saa moja baadaye ukachezwa tena.

"Mimi nilimtoa chumbani," Busia akanong'ona. "Hukuniambia mmemtia kwenye santuri. Ziko wapi hizo?"

"Kila mji, Busia."

Akakaa, mikono mapajani. Hakuwa na dawa ya kila mji, na alilisema hivyo hivyo.

Wakamweka Teddy chumba cha juu. Madaktari walikuja, wakapima, wakaondoka. Joto la Julai likafungua madirisha yote ya mtaa. Alasiri moja muziki ukaanza ghorofa ya chini, na Stan akashuka mbio kwa jirani yao, Bi Grabek.

"Zima, mama, nakuomba. Teddy hapumui."

"Najua anaumwa, mwanangu." Macho yake yalikuwa na machozi. "Ndiyo maana tumekubaliana mtaa mzima. Tunampigia santuri yake, ajue tunampenda."

Stan akaizima kwa mkono wake mwenyewe na kutoka nje. Spika zilikuwa zimetolewa madirishani, nyumba hadi nyumba, pande zote mbili, zote zikipiga wimbo uleule. Alipiga kelele, hakuna aliyemsikia. Akakimbilia katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili na kuipunga kwa nguvu zake zote, akiwaomba wanyamaze.

Watu wakamwona kaka yake Teddy, mtunzi mwenyewe, akiwaongozea muziki. Wakampigia makofi, wakaongeza sauti.